Jumla Imetoka Tupu: Kusaka NULL Kwenye Ripoti za Kahawa

Saa moja na robo asubuhi simu ikaita. Moshi mjini kulikuwa na manyunyu, mlima umejifunika siku ya tatu mfululizo, na chai yangu ilikuwa bado haijapoa.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Ile ripoti yako imeharibika. Uru inaonyesha kilo zake, Kibosho pako wazi, na chini kwenye jumla kuu napo pako wazi. Mwenyekiti anaitaka saa tatu.”

“Kibosho wameshaanza kupokea?”

“Wataanzaje, na kahawa ya huko juu haijaiva?”

Mama mhasibu wa ushirika alikuwa ameshataja chanzo cha tatizo bila kujua. Kituo ambacho hakijapokea hata gunia moja hakina rekodi, na SUM, amri ya kujumlisha ya SQL (lugha ya kuuliza kanzidata), ikikosa rekodi hata moja haileti sifuri, inaleta NULL, yaani “haijulikani”. Ripoti yangu ya wakati ule ilikuwa inauliza kituo kimoja kimoja, kisha inajumlisha majibu. Chukua 90 za Uru, jumlisha na NULL ya Kibosho, unapata NULL. Kituo kimoja ambacho hakijafungua mlango kikazima ripoti ya ushirika mzima.

Tangu siku ile nina daftari ninaloandikia matatizo ya aina hii, yangu na ya vijana wenzangu wanaotengeneza mifumo ya saccos, maduka na zahanati hapa Moshi na Arusha. Nimeyapanga kwa jinsi watu wanavyolalamika, kwa sababu sijawahi kupigiwa simu na mtu anayesema COALESCE yake (amri inayoweka thamani mbadala pale penye NULL) imekaa mahali pabaya. Wanasema “jumla haipo”, “kituo kimepotea”, “mzee kapunjwa”.

Mifano yote inatumia majedwali mawili. Jedwali la vituo lina id na jina. Jedwali la mapokezi lina id, kituo_id, mkulima_id, tarehe, kilo, bei, makato na daraja. Bei na kilo ni za mfano tu, msije mkazipeleka mnadani.

“Jumla haipo” au programu inakufa ikifika kwenye jumla

Kabla ya kugusa msimbo wowote wa programu, endesha swali hili kwa masharti yaleyale ya ripoti iliyogoma:

```
SELECT COUNT(*)    AS rekodi,
       COUNT(kilo) AS zenye_kilo,
       SUM(kilo)   AS jumla
FROM mapokezi
WHERE kituo_id = 2 AND tarehe = '2024-07-08';
```

Namba mbili za kwanza ndizo zitakazokuambia uko kwenye ugonjwa gani.

Ukipata 0, 0 na NULL, hakuna rekodi iliyopita kwenye masharti yako. Hapo maswali ni ya kibinadamu kwanza: kituo kimefunguliwa? Simu ya karani imeshatuma data au bado anatafuta mtandao? Halafu ya kiufundi: umeandika kituo_id sahihi? Tarehe imehifadhiwa pamoja na saa, kiasi kwamba kuilinganisha na siku tupu hakupati kitu? Hili la saa limenila jioni nzima mara mbili.

Ukipata 12, 0 na NULL, rekodi zipo ila kolamu ya kilo ni tupu zote. Kwetu ilitokea betri ya mizani ilipoisha asubuhi, karani akaendelea kuandika majina ya wakulima ili wasisimame foleni, akitegemea kupima mchana. Angalia kwamba SUM imetoa jibu lilelile la NULL kwa hali mbili zisizofanana hata kidogo: hakuna mtu aliyekuja, na watu kumi na wawili wamekuja. SUM peke yake haiwezi kukutofautishia. Ndiyo maana COUNT mbili zinatangulia.

Ukipata 12, 11 na namba, hiyo ndiyo hatari kuliko zote, maana jumla inaonekana nzima. Nitarudi kwake.

Kanuni iliyo chini ya haya yote ni fupi. SUM, AVG, MIN na MAX huziruka NULL, na zikiishiwa kabisa na thamani za kufanyia kazi hurudisha NULL. COUNT ndiyo pekee yenye jibu la sifuri: COUNT(*) huhesabu rekodi bila kujali ndani kuna nini, COUNT(kilo) huhesabu rekodi ambazo kilo yake si NULL. Ni tabia ya SQL ya kawaida, kwa hiyo PostgreSQL, MySQL, SQLite, Oracle na SQL Server zote zinafanya hivyo. Mwongozo wa PostgreSQL wenyewe unatahadharisha kwamba jumla ya rekodi zisizokuwepo ni NULL na si sifuri kama mtu angetarajia. SQLite wameongeza fanksheni yao, TOTAL, inayorudisha 0.0 pale SUM inaporudisha NULL. Ni nzuri, ila ukihamia kwenye kanzidata nyingine hutaikuta.

Wengi wetu tunakwama hapa kwa sababu tulijifunzia hesabu kwenye Excel. Kule SUM ya seli tupu ni 0, na hakuna anayeshtuka. AVERAGE ya seli tupu nayo inatupa kosa la kugawanya kwa sifuri. SQL haifanyi lolote kati ya hayo.

Dawa ya jumla tupu ni COALESCE, na mahali inapokaa ndipo penye kazi:

```
SELECT SUM(COALESCE(kilo, 0)) ...   -- haitoshi
SELECT COALESCE(SUM(kilo), 0) ...   -- hii
```

Ya kwanza inageuza kila kilo iliyo NULL kuwa 0 kabla ya kujumlisha. Kama rekodi hazipo, hakuna cha kugeuza, na SUM inabaki NULL. Nimeona kijana mwenye uwezo kabisa akizunguka na hiyo ya kwanza siku mbili, akiapa kwamba ameshaweka COALESCE na kanzidata ndiyo mbovu. Ya pili inasubiri SUM imalize, kisha inashika jibu.

Kwenye programu, NULL hiyo inajitokeza kwa sura tofauti. Python inakupa None, na ukijaribu kuijumlisha na namba inagoma kwa sauti. Go inakataa kusoma NULL ndani ya namba ya kawaida. Java ndiyo mpole kupita kiasi: getInt inarudisha 0 na usipouliza wasNull hutajua kamwe. Mimi naona bora lugha inayogoma.

“Kituo kimepotea kwenye orodha”

Baada ya simu ile nikaiandika ripoti upya, swali moja kwa vituo vyote, nikiwa na COALESCE yangu mahali sahihi:

```
SELECT kituo_id, COALESCE(SUM(kilo), 0) AS kilo
FROM mapokezi
WHERE tarehe = '2024-07-08'
GROUP BY kituo_id;
```

Mama mhasibu akafungua, akanyamaza kidogo. “Sasa Kibosho umeifuta kabisa?”

Swali la kujumlisha lisilo na GROUP BY (amri ya kupanga rekodi kwa makundi) daima hurudisha mstari mmoja, hata kama jedwali ni tupu. Ukiweka GROUP BY, linarudisha mstari mmoja kwa kila kundi lililopatikana, na kundi lisilo na rekodi halipatikani. COALESCE haina msaada hapo, kwa kuwa hakuna mstari wa kuifanyia kazi. Jedwali la mapokezi haliwezi kukuambia habari za kituo ambacho hakijawahi kutajwa humo. Anayevijua vituo vyote ni jedwali la vituo, basi anza nalo, kisha uliunganishe na mapokezi kwa LEFT JOIN, inayobakiza kila kituo hata kisicho na pokeo:

```
SELECT v.jina,
       COUNT(m.id)              AS mapokezi,
       COALESCE(SUM(m.kilo), 0) AS kilo
FROM vituo v
LEFT JOIN mapokezi m
       ON m.kituo_id = v.id
      AND m.tarehe = '2024-07-08'
GROUP BY v.id, v.jina;
```

Kuna mitego miwili ndani ya swali hili, na yote miwili nimeingia.

Wa kwanza ni tarehe. Mkono umezoea kuiweka kwenye WHERE. Ukifanya hivyo, Kibosho inapotea tena. LEFT JOIN inailetea Kibosho mstari wenye NULL upande wa mapokezi, kisha WHERE inauliza kama NULL ni sawa na tarehe 8, jibu linakuwa “haijulikani”, na WHERE haipitishi kisichojulikana. LEFT JOIN imegeuka kuwa JOIN ya kawaida bila wewe kuambiwa. Sharti linalohusu jedwali la kulia likae kwenye ON.

Wa pili ni COUNT(*). Ukiiweka badala ya COUNT(m.id), Kibosho itaonyesha pokeo 1 na kilo 0. Huo mstari mmoja ni ule wa NULL ulioletwa na LEFT JOIN, na COUNT(*) inahesabu mistari bila kuangalia ndani. Mwenyekiti aliwahi kuniuliza ni mkulima gani huyo aliyeleta kilo sifuri Kibosho, tena kwa kicheko cha kutosha.

Nitaje njia nyingine kwa anayetaka namba moja tu ya kundi moja: swali dogo lililofungwa kwenye mabano ndani ya swali kubwa likikosa mstari hurudisha NULL, kwa hiyo ukilizungushia COALESCE kwa nje unapata sifuri hata kama ndani kuna GROUP BY.

“Mzee kapunjwa”

Hii ndiyo iliyonifundisha adabu. Haikutoa kosa lolote, haikuacha nafasi wazi, haikuzima programu. Ilitoa namba safi yenye koma mahali pake, na namba ilikuwa ya uongo.

Mzee mmoja alishuka na Hiace ya Uru akiwa na stakabadhi zake tatu zimekunjwa ndani ya bahasha ya dawa. Akazipanga mezani moja moja, akizinyoosha kwa kidole gumba. Kilo 40. Kilo 25. Kilo 35. Kahawa ya maganda, bei ya kila kilo tuseme 4,000.

“Kijana, mimi shule sikwenda mbali. Lakini kilo mia kwa elfu nne ni laki nne. Toa elfu kumi ya usafiri wa magunia. Wewe umenilipa laki mbili na tisini. Laki moja iko wapi?”

Swali langu la malipo lilikuwa hili:

```
SELECT SUM(kilo * bei - makato) AS malipo
FROM mapokezi
WHERE mkulima_id = 317;
```

Na rekodi zake zilikuwa hivi:

```
kilo   bei    makato   kilo * bei - makato
40     4000   5000     155000
25     4000   NULL     NULL
35     4000   5000     135000
```

Gunia la pili alilileta mwenyewe kwa pikipiki ya mwanawe, hakukuwa na makato ya usafiri, karani akaacha wazi. Hesabu yoyote ya kawaida inayogusa NULL inakuwa NULL, kwa hiyo 100,000 ukitoa NULL ni NULL. Kisha SUM, kwa tabia yake ya kuruka NULL, ikaruka mstari mzima. 155,000 na 135,000 ni 290,000. Hesabu ya mzee ilikuwa sahihi hadi shilingi ya mwisho.

Linaloniudhi mpaka leo ni jinsi tabia hizi mbili zinavyofichana. Ndani ya mstari mmoja NULL inaambukiza, inaua kila inachogusa. Kwenda chini kwenye kolamu NULL inarukwa kana kwamba haikuwepo. Kila moja ukiitazama peke yake ina mantiki. Zikikutana kwenye swali moja, deni la mtu linafutika kimyakimya.

Kuna anayesema jumlisha kila kolamu peke yake: SUM(kilo * bei) - SUM(makato). Kwa mzee huyu ingeleta 390,000, sawa. Lakini mpe mkulima ambaye magunia yake yote hayana makato: SUM(makato) ni NULL, na malipo yake yote yanakuwa NULL. Umemhamisha mgonjwa kutoka wodi moja kwenda nyingine. Andika hivi:

```
SELECT COALESCE(SUM(kilo * bei - COALESCE(makato, 0)), 0) AS malipo
```

Ya ndani inasema makato yasiyoandikwa ni sifuri. Ya nje inasema mkulima asiye na rekodi anadai sifuri. Ni maamuzi mawili tofauti, na hayakuwa yangu kuyafanya. Nilimuuliza mama mhasibu kama kuna siku makato yameachwa wazi kwa sababu nyingine, akasema hapana, wazi ni wazi. Ndipo nikaandika. Na ona kwamba sikuweka COALESCE kwenye kilo wala bei. Bei ikiwa haijaandikwa, maana yake haijapangwa, wala hakuna aliyesema kahawa ni ya bure. Malipo ya gunia hilo inabidi yasimame mtu ayatazame:

```
SELECT id, mkulima_id, kilo, bei
FROM mapokezi
WHERE kilo IS NULL OR bei IS NULL;
```

Swali hili linaendeshwa kabla ya kila malipo, na likirudisha hata mstari mmoja mfumo wetu haulipi.

SQL Server, kwa haki yake, hutoa onyo kwamba kuna NULL zilizorukwa wakati wa kujumlisha. Shida ni kwamba onyo hilo linakwenda mahali ambapo programu nyingi hazisomi.

“Wastani hauendani na hali halisi”

Chukua rekodi nne za Uru: kilo 42, 18, NULL, 30. COUNT(*) ni 4, COUNT(kilo) ni 3, SUM ni 90, na AVG ni 30. AVG inagawanya kwa watatu waliopimwa. Ukiandika AVG(COALESCE(kilo, 0)) unapata 22.5, maana sasa unagawanya kwa wanne, mmoja wao akiwa “ameleta” kilo sifuri.

Ipi sahihi? Inategemea NULL ile imetoka wapi. Kama gunia lilikuwepo na mizani haikuwa na chaji, 30 ndiyo inayokaribia ukweli, na 22.5 ni kumsingizia mkulima. Kama ungekuwa unatafuta wastani wa kilo kwa kila mwanachama, wakiwemo ambao hawakuleta kitu msimu huu, sifuri zao zinastahili kuhesabiwa na 30 ndiyo inayodanganya. Kanzidata haina namna ya kujua. Karani anajua.

Hapa nikiri. Msimu wangu wa kwanza, baada ya kuchoshwa na NULL, niliendesha amri moja usiku:

```
UPDATE mapokezi SET kilo = 0 WHERE kilo IS NULL;
```

Ripoti zote zikatulia. Nililala vizuri. Asubuhi wastani wa vituo vitatu ulikuwa umeshuka, na hakukuwa tena na njia ya kutofautisha gunia lisilopimwa na rekodi iliyofutwa kwa kuandikwa 0, kitu ambacho makarani walikuwa wakifanya pia. Kilo sifuri na kilo isiyojulikana sasa zilivaa sare moja.

Wastani una tatizo jingine dogo. Ukiutengeneza mwenyewe kwa kugawanya, SUM(kilo) / COUNT(kilo), ukikutana na kundi tupu unagawanya NULL kwa 0, na jibu ni NULL, hakuna kelele. Ila ukishaweka COALESCE juu ya SUM unakuwa unagawanya 0 kwa 0. PostgreSQL itakataa kwa kosa, MySQL itakurudishia NULL. Zungushia kigawanyo NULLIF(COUNT(kilo), 0), inayogeuza 0 kuwa NULL, na wote watakubaliana.

“Daraja la kwanza limekuwa kahawa yote”

```
COUNT(CASE WHEN daraja = 1 THEN 1 ELSE 0 END)
```

Hapo mtu alitaka kuhesabu magunia ya daraja la kwanza tu, lakini COUNT haijali thamani ni ngapi, inajali kama si NULL. Sifuri si NULL. Ondoa ELSE 0 na hesabu itakaa sawa, au kwenye PostgreSQL andika COUNT(*) FILTER (WHERE daraja = 1), iliyopo tangu toleo la 9.4 na inasomeka vizuri zaidi. Wapo wanaobadilisha COUNT kuwa SUM na kuiacha ELSE 0. Inafanya kazi mpaka siku kundi likiwa tupu, SUM ikarudisha NULL, na wewe umerudi kwenye simu ya saa moja asubuhi.

Jirani yake: ripoti moja inasema wakulima walioleta ni 58, nyingine inaonyesha mistari 59. COUNT(DISTINCT mkulima_id) inaruka NULL, wakati GROUP BY mkulima_id inazikusanya NULL zote kwenye kundi moja na kulitengea mstari wake. Mtu wa 59 ni magunia yasiyo na mwenyewe.

“Tahadhari hailii”

Tulitaka mfumo utume ujumbe kituo kikipokea chini ya kilo 100 kwa siku. Nikaandika HAVING SUM(m.kilo) < 100 juu ya ile LEFT JOIN; HAVING ni sharti linalochuja makundi baada ya kujumlisha. Kituo chenye kilo 60 kilituma ujumbe. Kituo ambacho hakikupokea chochote, ambacho ndicho kilichokuwa na shida kubwa zaidi, kilikaa kimya, kwa kuwa NULL < 100 haijulikani na HAVING haipitishi kisichojulikana. Weka COALESCE ndani ya HAVING pia. Kuiweka kwenye SELECT peke yake hakubadilishi kinachochujwa.

Hivyohivyo kwa MAX(tarehe) unapotafuta vituo ambavyo havijapokea siku saba. Kituo ambacho hakijawahi kupokea kabisa kina MAX ya NULL na hakitaonekana. Usikipe tarehe ya uongo ya mwaka 1900 kama nilivyoona kwenye mfumo mmoja, andika OR MAX(m.tarehe) IS NULL, na kwenye skrini kiandikwe “hakijaanza”.

Na orodha ya wakulima ambao hawajaleta, ikiandikwa kwa NOT IN na ndani ya lile swali dogo mkulima_id mojawapo ikawa NULL, inarudi tupu. Unaambiwa wote wameleta. Tumia NOT EXISTS.

“Stakabadhi ya kwanza ya msimu inagoma”

Namba ya stakabadhi mpya ilitoka kwa MAX(namba) + 1. Msimu mpya, hakuna rekodi, MAX ni NULL, na NULL + 1 ni NULL. COALESCE(MAX(namba), 0) + 1 itakutoa hapo, lakini usiishie hapo: makarani wawili wakibonyeza pamoja watapata namba moja. Tumia mfululizo wa namba wa kanzidata yenyewe.

Kwa wanaohama kanzidata

Oracle inahesabu maandishi matupu kuwa NULL, kwa hiyo COUNT ya kolamu ya maoni inaweza kushuka ukihamia huko bila data kubadilika. GREATEST, inayochagua thamani kubwa kuliko zote, kwenye PostgreSQL inaruka NULL, kwenye MySQL na Oracle inarudisha NULL ikikuta hata moja. Ukipanga kutoka ndogo kwenda kubwa, PostgreSQL inaweka NULL mwishoni, MySQL na SQLite zinaziweka mwanzoni. Kwenye PostgreSQL array_agg, inayokusanya thamani kwenye orodha, ni mkaidi: haizitupi NULL zilizo kwenye rekodi, ila bila rekodi yoyote inarudisha NULL badala ya orodha tupu.

Nilichobadilisha kwenye majedwali

Makato sasa ni NOT NULL DEFAULT 0 (hayakubali NULL, na yasipoandikwa yanakuwa 0), kwa neno la mama mhasibu. Kilo nimeiacha ikubali NULL, na nimeongeza kolamu ya hali yenye maneno matatu: imepimwa, inasubiri, imefutwa. Vijana kadhaa wamenishauri nayo niipe DEFAULT 0 “ili kupunguza usumbufu”. Nimekataa, kwa kuwa nimeshawahi kuupunguza kwa namna hiyo.

Rekodi za ule msimu wa kwanza bado zina sifuri zangu. Nakala za kaboni za stakabadhi zimo kwenye maboksi mawili ya mafuta ya kupikia chini ya meza ya mama mhasibu, na Jumamosi asubuhi, kabla hajaenda sokoni Mbuyuni, tunakaa nazo. Yeye anasoma namba, mimi naandika. Pale kaboni ilipofifia anainua karatasi dirishani, anaigeuza, na kama haisomeki anasema “hii sijui”, nami naandika NULL.